Ruzuku ya Pell nchini Marekani: makato yanayoumiza zaidi huja bila kuitwa makato

Mtoa mada

Ndugu wanajamvi, salaam.

Tangu mwaka 2025 tumesikia mengi kuhusu mapendekezo ya kupunguza fedha ambazo serikali kuu ya Marekani inawapa wanafunzi wa vyuo, na karibu mazungumzo yote yamezunguka takwimu moja, yaani dola 5,710. Takwimu hiyo ni ya kweli na nitaieleza. Hata hivyo, naomba tuitazame sambamba na pendekezo jingine ambalo halikuzungumzwa sana, ingawa kwa familia ninazozifahamu lingeumiza kwa kiasi kilekile, na kwa baadhi yao lingeumiza zaidi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kuwasaidia wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, wengi wao wakiwa wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, kujaza fomu ya FAFSA ambayo ndiyo mlango wa misaada yote ya serikali kuu kwa wanafunzi. Ninayoyaandika hapa nimeyaona nikiwa nimeketi nao meza moja.

Kwa wasioifahamu, ruzuku ya Pell si mkopo. Msomaji aliyezoea bodi za mikopo za Tanzania na Kenya, ambako mhitimu hukatwa mshahara hadi deni liishe, anapaswa kuelewa kwamba fedha za Pell hazirudishwi, isipokuwa katika hali chache kama vile mwanafunzi kuacha masomo katikati ya muhula. Msingi wake ni Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 8 Novemba mwaka huo katika mji wa San Marcos, Texas, kwenye chuo alichosoma yeye mwenyewe. Ruzuku yenyewe ilianzishwa mwaka 1972 kwa jina jingine, na mwaka 1980 ikapewa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island aliyeipigania. Leo inawafikia zaidi ya wanafunzi milioni 6 kwa mwaka, ambao ni wanafunzi wa shahada ya kwanza na wa vyuo vya miaka miwili wanaotoka katika kaya zenye kipato kidogo. Mkazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokelewa kisheria nao wanaweza kuiomba, na hii ndiyo sababu suala hili linatugusa moja kwa moja.

Kiwango cha juu kabisa ni dola 7,395 kwa mwaka, na kimesimama hapohapo tangu mwaka wa masomo 2023-24. Katika bajeti aliyoipendekeza Rais Donald Trump kwa mwaka wa fedha 2026, kiwango hicho kingeshuka hadi dola 5,710, yaani pungufu ya dola 1,685, karibu asilimia 23. Bajeti hiyohiyo ilipendekeza kuifuta kabisa ruzuku ya nyongeza inayoitwa SEOG, ambayo humpa mwanafunzi mhitaji kati ya dola 100 na 4,000 kwa mwaka, kupunguza dola milioni 980 katika mpango unaowalipa wanafunzi mshahara kwa kazi wanazofanya wakiwa chuoni, na kuziondoa programu za TRIO zinazowaandaa watoto wa familia ambazo hakuna mzazi aliyewahi kumaliza chuo.

Hayo yote yaliitwa makato, na watu wakayapinga kama makato. Sasa tazameni jambo la pili. Tarehe 22 Mei 2025, Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 215 dhidi ya 214, muswada mkubwa wa kodi na matumizi, na ndani yake kulikuwa na kifungu kilichobadilisha maana ya mwanafunzi wa muda wote. Kwa sheria iliyopo, anayesoma krediti 12 kwa muhula, ambazo kwa kawaida ni masomo manne, anahesabiwa kuwa wa muda wote na anastahili ruzuku yake nzima. Muswada ulitaka krediti 30 kwa mwaka, yaani 15 kwa muhula. Kiwango cha juu cha ruzuku kingebaki dola 7,395 kwenye karatasi, na msemaji yeyote angeweza kusimama na kusema kwa ukweli kwamba hakuna hata senti moja iliyopunguzwa. Lakini mwanafunzi mwenye krediti 24 kwa mwaka angepata asilimia 80 tu, yaani dola 5,916, na hivyo kupoteza dola 1,479 bila kubadilisha chochote katika masomo yake.

Na huyo angalau angebaki na kitu. Muswada ulisema pia kwamba anayesoma chini ya nusu ya muda hapati chochote, na kwa kuwa muda wote ungekuwa krediti 15, nusu yake ingekuwa saba na nusu. Mama anayesoma masomo mawili jioni, krediti 6, leo anaweza kupata nusu ya ruzuku, karibu dola 3,700 kwa mwaka. Kwa muswada ule angepata sifuri. Ni mama huyuhuyu, masomo ni yaleyale na umaskini ni uleule, ila neno moja limepewa maana mpya.

Baraza la Seneti lilikikataa kifungu hicho, na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 haikuwa nacho. Nimeona baadhi yetu wakishangilia na kufunga mjadala. Mimi nasema tusiufunge, kwa sababu wazo lililokosa kuwa sheria kwa njia moja hurudi kwa njia nyingine, na historia ya ruzuku hii inaonyesha kwamba mapunguzo yaliyofanikiwa kupita ni yale yaliyovaa vazi la maelezo ya kanuni. Karibuni tujadili.

Mlipakodi wa Siku Zote

Mtoa mada, nakushukuru kwa bandiko lenye hesabu, maana mara nyingi humu tunajadili kwa hisia. Naomba nipinge kwa heshima katika mambo mawili.

La kwanza, umesema kiwango kingeshuka hadi dola 5,710 kana kwamba ni balaa. Ada ya wastani ya chuo cha umma cha miaka miwili katika mwaka wa masomo 2024-25 ilikuwa takriban dola 4,050. Hata baada ya makato, mwanafunzi angelipa ada yote na kubaki na chenji ya zaidi ya dola 1,600. Je, ni wajibu wa mlipakodi, ambaye pengine mwenyewe hakusoma chuo, kumlipia mwenzake zaidi ya ada?

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1987, William Bennett, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Rais Ronald Reagan, aliandika katika gazeti la New York Times kwamba kila serikali inapoongeza misaada, vyuo hupandisha ada kwa sababu vinajua fedha zipo. Kama hilo ni kweli, basi ruzuku tunayoitetea haimfikii maskini bali inaishia kwa wakuu wa vyuo, na kuipunguza kunaweza kuwa njia ya kuzishusha ada. Mimi nina watoto wawili wanaokaribia umri wa chuo, na ninaogopa bei kuliko ninavyoogopa kupungua kwa ruzuku.

Mtoa mada

Ndugu Mlipakodi, nashukuru kwa hoja zako, na la ada nitalichukua kwanza kwa sababu ndilo ninalokutana nalo kila mara.

Ukiitazama ada peke yake, uko sahihi: kwa chuo cha miaka miwili dola 5,710 zinatosha. Lakini mtu hasomi kwa ada tu. Utaratibu ulivyo, fedha za Pell huingia chuoni, chuo hukata ada yake, na kinachobaki hukabidhiwa mwanafunzi ili anunue vitabu, alipe nauli, alipe sehemu ya kodi ya nyumba na amlipe anayebaki na mtoto wake. Hicho unachokiita chenji ndicho kinachomwezesha kuacha zamu moja ya kazi na kuingia darasani. Nimewahi kukaa na kijana mmoja aliyefaulu vizuri sana shule ya sekondari, ambaye ada yake ilikuwa imelipwa yote, lakini akaacha masomo wiki ya sita kwa sababu gari la familia liliharibika na hakukuwa na basi linalofika chuoni kwa saa alizohitaji. Gharama ya tengenezo ilikuwa ndogo kuliko hizo dola 1,685. Sitaki kudai kwamba kisa kimoja ni ushahidi wa nchi nzima, lakini kila anayefanya kazi hii anavyo visa vya namna hiyo.

Na tusisahau kwamba si wote wanaosoma vyuo vya miaka miwili. Kwa chuo kikuu cha umma cha miaka minne, ada ya wastani kwa mkazi wa jimbo husika ilikuwa takriban dola 11,610 katika mwaka huohuo wa 2024-25, kabla ya chakula na malazi. Katikati ya miaka ya 1970, kiwango cha juu cha Pell kilikuwa dola 1,400, na kilitosha kulipia zaidi ya robo tatu ya gharama zote za kusoma na kuishi katika chuo kama hicho. Leo dola 7,395 zinalipia chini ya theluthi moja au karibu na hapo. Hakuna siku ambayo Bunge lilipiga kura ya kuiondoa ile sehemu iliyopotea. Kiwango kiliachwa kikae mwaka hadi mwaka huku bei zikipanda, na hiki ndicho kisa changu cha kwanza cha makato yasiyo na jina.

Kuhusu hoja ya Bennett, naiheshimu na nimeisoma kwa makini, kwa sababu ingekuwa aibu kutetea fedha zinazomnufaisha asiyestahili. Utafiti uliofanywa baadaye haujatoa jibu moja kwa vyuo vyote. Ushahidi ulio na nguvu unahusu vyuo vya binafsi vinavyoendeshwa kwa faida: Stephanie Cellini na Claudia Goldin, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliona kwamba vyuo vya aina hiyo vilivyoruhusiwa kupokea misaada ya serikali kuu vilitoza ada kubwa zaidi kwa takriban asilimia 78 kuliko vyuo vinavyofanana navyo ambavyo havikuruhusiwa. Mwaka 2015 watafiti wa Benki Kuu ya Marekani tawi la New York nao waliona uhusiano kati ya kupanuliwa kwa mikopo na kupanda kwa ada. Lakini kwa vyuo vya umma, ambako ndiko wanakosoma wengi wa wanaopokea Pell, ada hupangwa kwa kutazama fedha ambazo serikali ya jimbo inatoa, na majimbo mengi yalizipunguza sana baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008. Ukimpunguzia mwanafunzi maskini ruzuku, chuo cha umma hakishushi ada. Kinampoteza mwanafunzi huyo. Kama tatizo ni vyuo vya faida vinavyonyonya, basi serikali ivibane vyuo hivyo kwa masharti, isimbane mtoto aliyenyonywa.

Mwanafunzi wa Uuguzi

Shikamooni wakubwa. Kwa kawaida mimi ni msomaji tu wa jukwaa hili, lakini leo ninajadiliwa mimi, kwa hiyo naomba nizungumze.

Ninasoma uuguzi katika chuo cha miaka miwili na ninachukua krediti 12 kwa muhula. Ninawahudumia wazee katika nyumba ya kulelea kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku nne kwa wiki, na ninamlea mdogo wangu. Niliposikia kwamba Baraza la Wawakilishi linataka tusome krediti 15, nilidhani ni jambo la kujikaza tu, nikaenda kwa mshauri wangu wa masomo kuuliza somo gani niongeze. Aliniambia hakuna. Masomo ya uuguzi yanafuatana kama ngazi, huwezi kuchukua la pili kabla ya kufaulu la kwanza, na ratiba ya muhula imepangwa na chuo chenyewe. Isitoshe, krediti moja ya mafunzo ya vitendo hospitalini inakula saa tatu au zaidi kwa wiki, tofauti na krediti moja ya darasani ambayo ni saa moja. Krediti zangu 12 kwa saa za kweli ni nyingi kuliko krediti 15 za mwenzangu anayesoma fani isiyo na vitendo.

Kwa hiyo ili nipate ruzuku yangu nzima ningelazimika kuchukua somo nisilolihitaji, nililipie, nilisome usiku ambao ningekuwa kazini, na hatimaye lisinisogeze hata hatua moja kuelekea leseni yangu. Sijui aliyeandika kifungu kile alimfikiria nani. Hakunifikiria mimi, wala wenzangu wengi ninaokutana nao wodini.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, binti yangu, na Mungu akutie nguvu. Maelezo yako yamenigusa kwa sababu nimefundisha miaka mingi na nimewaona wengi wa aina yako.

Pamoja na hayo, naomba tusiwahukumu waliopendekeza krediti 15 kana kwamba wote walikuwa na nia mbaya. Hesabu yao ni rahisi. Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji krediti 120. Ukisoma 15 kwa muhula, unamaliza kwa mihula minane, ambayo ni miaka minne. Ukisoma 12, baada ya miaka hiyo minne una krediti 96 tu, na unahitaji mihula miwili zaidi. Mwaka huo wa tano una gharama zake: ada, kodi ya nyumba, na mshahara wa mhitimu ambao hukuupata. Nimewaona vijana wakikawia hadi wakachoka na kuondoka mikono mitupu, na mwenye deni asiye na shahada yuko katika hali mbaya kuliko asiyewahi kuingia chuoni. Kuwahimiza vijana wasikawie ni jambo jema, na naona Mtoa mada amelipita haraka.

Mtoa mada

Mwalimu, shikamoo. Umenisahihisha kwa haki, kwani nililipita haraka, na nakubali kwamba kukawia kunaua ndoto za wengi. Ninachokataa ni njia. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwongezea anayeweza kusoma 15 na kumpokonya asiyeweza. Serikali ingetaka kuwahimiza, ingeweka nyongeza juu ya ruzuku iliyopo kwa wanaochukua krediti 15, na yule binti wa uuguzi asingeguswa. Kifungu kile hakikumpa mtu yeyote hata dola moja zaidi. Kilichukua tu, na fedha zilizochukuliwa zilihesabiwa kuwa akiba katika muswada.

Zaidi ya hayo, sheria tayari inayo breki dhidi ya kukawia. Tangu mwaka 2012 hakuna anayeweza kupokea Pell kwa zaidi ya mihula 12 katika maisha yake yote, wakati awali ukomo ulikuwa mihula 18. Na hapa narudi kwenye historia niliyoigusia mwanzoni. Mwaka 2011, Bunge lilipokabiliwa na upungufu wa fedha za Pell, halikugusa kiwango cha juu, kwa sababu kiwango hicho ndicho kinachoandikwa magazetini. Liliondoa ruzuku ya muhula wa kiangazi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimwezesha mwanafunzi wa krediti 12 kufidia zilizopungua na kumaliza kwa wakati. Mwishoni mwa mwaka huo likafupisha ukomo wa mihula, likashusha hadi dola 23,000 kipato cha familia ambacho kilimpa mtoto ruzuku nzima moja kwa moja, na likawafungia mlango wapya waliokuwa hawana cheti cha sekondari. Ruzuku ya kiangazi ilirejeshwa mwaka 2017, yaani baada ya miaka sita, na kijana aliyekuwa na miaka 19 mwaka 2011 alikuwa na 25. Mwalimu, ninaposikia leo watu walewale wanaotaka vijana wamalize haraka, nakumbuka kwamba kilichokuwa kikiwasaidia kumaliza haraka ndicho kilichokatwa kwanza.

Kuna kisa kingine cha zamani zaidi ambacho ningependa kila mwanajamvi akifahamu, kwa kuwa kinajibu swali ambalo wengi huliuliza, la kama makato huwazuia watu kusoma kweli au huwafanya wajikaze tu. Kuanzia mwaka 1965, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Marekani ulikuwa ukiwalipa vijana wa chuo ambao wazazi wao walikuwa wamefariki, wamepata ulemavu au wamestaafu. Programu hiyo ilipokuwa kileleni, takriban mwanafunzi mmoja kati ya kumi alinufaika nayo. Mwaka 1981, chini ya Reagan, Bunge likapiga kura ya kuifuta, na ambaye hakuwa ameingia chuoni kufikia Mei 1982 hakupata chochote. Kwa mtafiti hiyo ilikuwa nafasi adimu, kwa sababu mayatima waliomaliza sekondari miaka michache kabla na miaka michache baada walifanana kwa kila kitu isipokuwa msaada. Mwanauchumi Susan Dynarski aliwalinganisha, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2003 alionyesha kwamba kila dola 1,000 za ruzuku ziliongeza uwezekano wa kijana kuingia chuoni kwa takriban alama nne za asilimia. Hizo ni dola za mwaka 1998, ambazo thamani yake leo inakaribia mara mbili, kwa hiyo dola 1,685 za pendekezo la bajeti ya 2026 ziko chini kidogo ya kipimo hicho. Lakini tafakarini maana yake: kati ya kila mayatima mia, wanne hivi walibaki nje ya lango la chuo kwa kukosa kiasi hicho. Hawakujikaza. Hawakwenda.

Ninalirudia jambo hili kila ninapopata nafasi kwa sababu waliokosa kuingia hawaandamani. Mwanafunzi aliyepokonywa ruzuku akiwa chuoni anajua alichopoteza na anaweza kulalamika. Mtoto wa darasa la kumi ambaye miaka miwili ijayo atatazama hesabu na kuamua kwenda kufanya kazi ghalani hatajua kamwe kwamba kuna kifungu cha sheria kilichomwamulia.

Mlipakodi wa Siku Zote

Kisa cha mayatima sikukijua, na nakiri kimenifikirisha. Bado nina wasiwasi kuhusu upungufu wenyewe, kwa sababu Ikulu ya Marekani haikuutunga, mfuko wa Pell ulikuwa kweli unaelekea kupungukiwa. Fedha zisipokuwepo, tutagawana nini?

Mtoa mada

Ni kweli, upungufu ulikuwepo. Fomu ya FAFSA ilirahisishwa kwa sheria ya Desemba 2020, kanuni mpya zikaanza kutumika mwaka wa masomo 2024-25, na waliostahili wakaongezeka, jambo ambalo ndilo lililokusudiwa. Sheria ya Julai 2025 ilitenga dola bilioni 10.5 kuziba pengo hilo. Kwa maneno mengine, Bunge lilelile lililoambiwa hakuna njia isipokuwa kukata, lilipotaka kupata fedha, lilizipata, ingawa upungufu huenda ukarudi.

Inafaa pia kuelewa dola 5,710 zilitoka wapi. Kiwango cha juu cha Pell kina sehemu mbili. Dola 1,060 zimewekwa na sheria ya kudumu na haziguswi katika mjadala wa kila mwaka. Dola 6,335 zilizobaki hupitishwa na Bunge mwaka hadi mwaka. Pendekezo la Rais lilishusha sehemu hii ya pili hadi dola 4,650. Maana yake ni kwamba kila mwaka wa bajeti, zaidi ya asilimia 85 ya ruzuku iko mezani, na pendekezo la Rais halina nguvu ya sheria mpaka mabaraza yote mawili yakubali. Kwa hiyo anayewapigia simu wabunge wake ana sababu ya kufanya hivyo kila mwaka.

Mama wa Wawili

Jamani, mnajadili vizuri sana, lakini mimi nina swali la mtu wa kawaida. Mwanangu wa kwanza anaingia chuo kikuu mwakani. Nilikuwa nimepanga kukopa ule mkopo wa wazazi ili kujazia, na jirani yangu ananiambia umefutwa na hata FAFSA haina maana kuijaza tena. Kaka Mtoa mada, naomba unieleze nifanye nini.

Mtoa mada

Dada yangu, mkopo wa wazazi haujafutwa. Jirani yako huenda amechanganya na mkopo wa Grad PLUS wa wanaosoma shahada za juu, ambao ndio uliofungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Mkopo wa wazazi umewekewa mipaka kuanzia tarehe hiyohiyo: dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na dola 65,000 kwa mtoto mmoja katika masomo yake yote. Ukipiga hesabu utaona kwamba anayekopa kiwango cha juu kila mwaka atafika ukomo kabla ya mwaka wa nne kwisha, kwa hiyo usianze kwa kukopa chote unachoruhusiwa. Kopa pale tu ambapo ruzuku ya mwanao na mkopo wake mwenyewe vimeshindwa kufika, kwa sababu deni la mzazi hubaki kuwa la mzazi hata mtoto asipomaliza.

Kuhusu FAFSA, tafadhali usimsikilize jirani. Fomu ni bure na hujazwa mtandaoni, na anayekudai malipo ili akujazie mkatae. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na majimbo na vyuo vingi vina misaada yao wenyewe inayotolewa kwa anayewahi. Ruzuku ya mwanao itakokotolewa kwa kanuni zitakazokuwa zikitumika mwaka huo, si kwa mapendekezo tunayoyasoma magazetini. Mwambie kabla ya kujiandikisha masomo aulize ofisi ya misaada ya chuo chake krediti ngapi zinahesabika kuwa muda wote kwa programu yake. Na akilazimika kuacha somo katikati ya muhula, aulize kwanza ni kiasi gani cha ruzuku atalazimika kurudisha.

Mkiwa tayari wewe na yeye, mfungue kila mmoja akaunti yake kwenye tovuti ya serikali ya misaada ya wanafunzi siku kadhaa kabla ya kujaza, maana uhakiki huchukua muda, hasa kwa mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii. Niandikie ujumbe wa faragha humu jukwaani ukikwama, tutaijaza pamoja.

Mwanafunzi wa Uuguzi

Mama, hata mimi naweza kukusaidia. Niko huru Jumapili mchana. Ya kwangu niliijaza peke yangu kwenye simu, nikaikosea mara mbili kwenye sehemu ya ukubwa wa familia, na kwa kosa hilo ruzuku yangu ilichelewa muhula mzima.